Namba Aliyoishika Kichwani

"Usiniite dada! Ndugu gani anamuulia mwenzake namba siku kama ya leo?"

Hiyo ilikuwa sauti yangu, na kila dirisha la uani lilikuwa na kichwa. Fundi simu wa chumba cha mwisho, yule tunayemwita Handaki, alisimama kizingitini kwangu ameishika simu yangu kama mtu aliyeokota kifaranga kilichokufa.

"Dada, faili nililokupa lilikuwa zima. Nilikwambia utumie peke yako. Peke yako! Wewe ukaligawa kama maji ya kisima."

"Kwani mimi mchoyo?"

"Ndiyo maana kampuni imekufungia laini!"

"Na ninyi mnaochungulia," nikageukia madirisha, "nani hapa hakuteka kwenye kisima hicho?"

Vichwa vikapungua. Akabaki Mama Pasi tu, jirani yangu anayepigia watu nguo pasi. "Mimi nilitazama tamthilia tu, shoga," akasema. "Sehemu mia na ishirini. Lakini sauti nilikuwa napunguza."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo nilikuwa na saa tano tu mkononi.

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi za ndani nchi ya mbali. Kule simu za mtandao zimezibwa, ukipiga inazunguka tu. Handaki ndiye aliyetuwekea ile programu, kwangu na kwake, na ndiyo iliyompa jina. Alinieleza hivi: badala ya mazungumzo yako kupita mlangoni yakapekuliwa, yanachimba chini kwa chini na kutokea nchi nyingine. Juu ya shimo unawekwa ukurasa ambao kampuni ya simu imewaachia watu bure. Kampuni ikitazama inaona unasoma ukurasa huo, basi hata kifurushi hakiguswi. Kila Jumatatu faili linaloiendesha programu hufa, naye hutuletea jipya. Miezi minane tukaonana nyuso. Nilimwona akikonda, wiki kwa wiki, huku ananiambia ni kioo cha simu.

Kisha mwajiri wake akamnyang'anya simu. Tangu hapo hupiga Ijumaa moja moja, simu ya kawaida, ya kuazima, dakika mbili akitoka kutupa taka. Namba za watu wote zilipotea na simu yake. Iliyobaki kichwani ni yangu tu, kwa kuwa kabla hajapanda ndege nilimkalisha nikamkaririsha kama mtoto wa chekechea. Ijumaa iliyopita alininong'oneza: "Dada, wiki ijayo saa kumi nitakutajia mtaa na jengo. Tafuta watu waje wanitoe."

Na sasa ndiyo ilikuwa Ijumaa yenyewe, saa tano asubuhi, na simu imeandika hakuna huduma.

Kosa langu nalijua. Mimi ni msusi, nasukia humu humu chumbani, na mteja akikalia kigoda saa sita lazima apate cha kumshughulisha. Mdogo wangu alipotoweka kwenye kioo, nilishindwa kulifunga handaki. Niliona ni kama kumfungia mlango na yeye bado yuko njiani. Basi nikawasha hotspoti, nywila nikaibandika ukutani juu ya kioo. Wakaja wateja, mashoga wa wateja, na wapangaji wote wa uani. Nyumba ikajaa, umbea ukanoga, nami nikajisahau. Wote wale walipita kwenye laini yangu moja.

Nikajitanda khanga, nikaenda ofisi ya kampuni. Foleni ilinifikisha kaunta saa nane na dakika ishirini.

Bwana wa kaunta alisoma kompyuta yake, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Laini yako wiki hii imefungua ule ukurasa wa bure wa kliniki ya wajawazito mara elfu arobaini." Akaniangalia, mjane wa miaka hamsini na miwili. "Mama, una mimba ngapi?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilishika ukingo wa kaunta.

"Kuna mtu atanipigia saa kumi, baba. Hana namba nyingine duniani."

Kicheko kilimtoka usoni, lakini sheria ikabaki palepale. "Laini ya namna hii tunaifunga siku thelathini, halafu namba anapewa mteja mwingine. Ila ukitutajia aliyekupa faili, nitaomba ifunguliwe leo."

Mimi ukinipa siri asubuhi, adhuhuri imeshafika sokoni. Lakini pale ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Handaki huandikisha laini kwa niaba ya kampuni hiyohiyo. Ile mashine yake ndogo ya alama za vidole ndiyo inayomlisha yeye na mama yake mgonjwa. Nikamwona mdogo wangu amesimama barabarani na simu ya mtu sikioni. Nitasema kweli: nilifungua mdomo. Nilishafika kwenye "Ha".

"Ni mimi," mtu akasema nyuma yangu.

Handaki alikuwa amenifuata kutoka nyumbani. Akaiweka ile mashine kaunta, taratibu, waya wake umezungushwa vizuri. Kama alinisikia au hakunisikia, mpaka leo sijamuuliza.

Wakaandika, akatia sahihi, wakaichukua mashine. "Laini itarudi ndani ya saa mbili," bwana wa kaunta akasema.

Tukakaa kwenye benchi, simu katikati yetu. Saa kumi ikafika. Ikapita. Mtandao ulirudi saa kumi na moja kasoro robo.

Nyumbani nilibandua karatasi ya nywila. Nikapika sufuria kubwa, maana mikono ilikataa kutulia, na mkono wangu haujui kupikia mtu mmoja. Hakuna aliyebisha hodi. Hata Mama Pasi alipita kwa kunyata.

Kwenye magharibi simu ikalia.

"Samahani, hii ni namba ya msusi?" Sauti ya mwanamume, anaongea lugha yetu kwa lafudhi ya mbali.

"Ndiye."

"Mimi ni dereva wa gari la taka. Kuna binti niliyemwazima simu saa kumi. Kapiga mara nne, kila mara anaambiwa namba haitumiki. Akasema basi, dada kabadilisha namba, kanichoka."

"Alilia?"

"Hapana. Alinirudishia simu akashukuru. Ndiyo nikaona nijaribu tena."

"Jengo lipi, baba? Mtaa gani?"

"Alinikimbilia njia panda ya kiwanda cha matofali. Sikuona alikotokea. Ijumaa nitapita tena, nikimwona nimwambie nini?"

Nikaandika njia panda hiyo nyuma ya karatasi ya nywila. "Mwambie namba ni ileile. Mwambie sijaenda popote."

"Akitokea, nitamwambia."

Neno hilo, akitokea, lilibaki sikioni hata alipokata.

Nilifungua mlango nipate hewa. Handaki alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu, mikono mitupu magotini. Ni wazi alisikia yote, kuta zetu ni karatasi.

"Atapiga lini, dada?"

"Ijumaa. Akitokea."

Akainamisha kichwa. "Nilikwambia utumie peke yako."

"Uliniambia," nikasema. "Na humu ndani kuna sufuria ya watu kumi. Inuka, ndugu yangu. Ingia ule."