Mjukuu wa Miaka Hamsini na Kitu

Mimi ni mfupi. Nalisema hilo mapema ili usinitangulie. Kwa ajili ya ufupi huo, jumba la maigizo ya watoto hapa mjini Tarnów, Poland, lilinichukua nikiwa kigoli, shule ya msingi nimeimaliza kwa kubahatisha, likanivika masikio ya sungura. Nikawa sungura, nikawa yatima, nikawa mvulana mchunga bata. Wenzangu waliolewa jukwaani, wakauawa, wakawa malkia. Mimi nikaruka. Miaka ikaenda hadi nikafika hamsini na kitu (hicho kitu hakikuhusu), bado naruka.

Watu walisema, "Bronka anajiamini huyo!" Kweli, mradi niwe na suruali fupi na sauti ya kubana puani. Ukinivua hivyo viwili, hata mkate dukani naagiza kwa kunong'ona.

Ndipo akaja mwongozaji mpya kutoka Kraków, Bwana Ksawery, skafu shingoni hata jua likiwaka. Akatugawia mchezo wa mvulana anayekwenda msituni kumtafutia bibi yake dawa. Nikanyoosha mkono nipokee mvulana wangu. Nikapewa bibi.

"Umekosea, Bwana Ksawery."

"Sijakosea, Bi Bronka."

"Sasa huyu bibi anafanya nini?"

"Anakaa kitini. Anazungumza."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kwako."

Mvulana alipewa Żaneta, msichana aliyetoka chuo juzi tu, ana macho kama ya ndama.

Mazoezini nakaa, nainuka, nakaa, mara nimeruka.

"Bi Bronka, bibi harukiruki!"

"Bibi yangu aliruka."

"Aliruka nini?"

"Ua wa jirani. Alikuwa anaiba matufaha."

Wenzangu wakacheka, Bwana Ksawery hakucheka, na mimi moyoni sikucheka. Kila siku nilirudi nyumbani nikizunguka meza ya jikoni, chai inapoa, najaribu kusema neno moja la yule bibi kwa sauti yangu. Halitoki. Linatoka la sungura.

Basi nikatumia akili. Kwetu mwigizaji akiangusha karatasi za mchezo wake, lazima azikanyage yeye mwenyewe kabla ya kuziokota, la sivyo mchezo mzima utaanguka. Maprofesa hukanyaga, walevi hukanyaga. Nikaziangusha zangu katikati ya jukwaa. Bahati mbaya, bila shaka. Kisha nikakunja mikono.

"Kanyaga, Bi Bronka," Żaneta akasema taratibu.

"Mguu unauma."

"Bronka, usituletee balaa!" akafoka Zenon, mzee anayeigiza dubu. "Kanyaga bwana, mimi bado sijapata pensheni!"

"Jamani, tuko karne gani?" Bwana Ksawery akasema. "Tuendelee."

Hakuendelea mtu. Naye mwenyewe alipotaka kupita, alizizunguka zile karatasi kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Akaja kuninong'oneza. "Unataka nini?"

"Mvulana wangu."

"Kwa umri huo?"

"Basi nasubiri mguu upone."

Żaneta akadakia, "Mpe tu, Bwana Ksawery. Mimi kila nikipanda jukwaani magoti yananigongana. Nipeni bibi, nitakaa."

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili.

Ikaja Jumamosi ya kufungua mchezo, ukumbi umejaa watoto. Natoka mbio na suruali fupi, namkumbatia bibi yangu, msichana wa juzi mwenye wigi jeupe na mikunjo ya penseli. Safu ya mbele palikuwa na mtoto mmoja, mdomo umejaa andazi la jamu.

"Mama, mbona bibi ndiye mtoto na mtoto ndiye bibi?"

"Nyamaza, Kacper. Wanaigiza."

"Mbona hawajui kuigiza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaruka juu zaidi. Goti likalia kama mlango mbovu, wakacheka tena. Żaneta akanishika mkono. "Endelea, Bi Bronka, usisimame," akanong'ona. Mkono wake ulikuwa umetulia. Chini ya lile wigi binti haogopi kitu! Nikamtazama vizuri, nikajiona mimi na masikio yangu ya sungura.

Pazia likafungwa kwa mapumziko. Nikamvuta Żaneta nyuma ya miti ya mbao, ule msitu wetu wa jukwaani.

"Vua wigi."

"Kwa nini?"

"Utalizoea. Utalivaa mpaka uzeeke."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi nimeshazeeka, mwanangu, silihitaji."

Akaanza kulia. "Siwezi, Bi Bronka. Watanicheka."

"Watakucheka. Mimi wamenicheka sasa hivi, umeniona nimekufa?"

Sikumwambia kwamba nilikuwa karibu. Nikamvulia suruali yangu fupi, akanivulia gauni lake la bibi. Bwana Ksawery akatukuta tuko nusu uchi, akashika skafu yake kwa mikono miwili.

"Haiwezekani! Katikati ya mchezo?"

"Kamuulize Kacper," nikamjibu.

Kengele ikalia. Nikakaa kwenye kile kiti, nywele zangu mwenyewe kichwani, mvi zote nje. Pazia likafunguka. Hakuna aliyecheka, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Miguu ilitaka kuruka, nikaibana chini ya kiti. Żaneta akaingia na chupa ya dawa, magoti yakimgongana hata mimi nikayasikia, lakini akaja, hatua kwa hatua, mpaka mbele yangu.

"Bibi, nimerudi," akasema, sauti inakatika.

Zamu yangu. Pua ilishajibana yenyewe, tayari kwa sungura. Nikaiachia. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu mzima kabisa. Nusura nigeuke nione ni nani kaingia.