Fungu la Masizi

Mkwe wake alipoingia jikoni na viatu vinavyong'aa, bibi alijua kuna upuuzi unakuja. Huyu mume wa bintiye alikuwa bwana mradi, na mradi wenyewe eti wa wakulima kukabili ukame kwa maarifa yao. Maarifa yao, lakini msemaji yeye!

"Mama, huu mtama wenu unaokomaa upesi ni hazina," alisema, kaziba pua, akitazama masuke yaliyoning'inia juu ya jiko. "Ila moshi ni uchafu. Tutauhifadhi kitaalamu."

Bibi alimwambia wazi: mbegu ile huishi kwa moshi, ukiishusha tu, fukusi hao. Mkwe akaandika "moshi" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, akacheka. Kisha mbele ya kikundi kizima cha wanawake wakulima akamwita bibi Profesa. Mh! Na yeye, mtu mzima ovyo, akavimba kichwa, akakubali mbegu zishushwe. Wanawake kumi na wawili wakashusha mbegu zao kwa kumwamini yeye. Hilo lilikuja kumkera kuliko hata vile viatu.

Mtama ukapukuchuliwa, ukafutwa masizi, ukatiwa kwenye chupa za kioo ofisini, kila chupa na kibandiko: Maarifa ya Jadi. Fungu moja la bibi tu ndilo lililokataliwa na mpiga picha wa mradi. Jeusi tii, halipendezi, alisema. Bibi akalirudisha juu ya jiko.

Mvua ilichelewa wiki sita. Sasa hakuna mbegu nyingine ambayo ingewahi kukomaa, kwa hiyo wanawake wakakimbilia ofisini. Chupa zikafunguliwa: vumbi, matundu, na fukusi wanene wakitembea kama wenye ofisi.

"Tutaandika ripoti," mkwe alisema.

"Andika. Wajukuu zangu wataitafuna."

Bibi akashusha fungu lake, akawagawia wenzake, kila mtu kiganja kimoja. Hakitashibisha nyumba mwaka huu, lakini mbegu haitapotea. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, na wawili wakachukua mbegu wakampa kisogo. Suke moja akalibakiza pale pale juu.

Jioni mkwe akaja, sauti chini. "Mama, nipatie hata punje chache. Wageni wanakuja kuona shamba la mfano."

Bibi akasogeza kigoda mbele ya jiko, akamtilia kuni mbichi mikononi.

"Keti uchochee, Profesa. Moshi ukikatika kabla ya mavuno, usinikanyagie tena mlangoni."