Faili la Jumamosi

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku toleo jipya la programu ya takwimu lilipoingia kwenye kompyuta za taasisi, Bibi Asilimia alilipokea kwa mikono miwili. Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu hata akiulizwa kama ameshiba, hujibu kwa asilimia. Alifungua faili kuu la utafiti, lenye uzito na urefu wa watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa, pamoja na uzito wa mama zao, na majina ya safu yaliyokuwa vifupisho vya ajabuajabu akayaandika kwa urefu, yasomeke kama maneno ya watu. Kisha akabonyeza "hifadhi". Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Nani husoma maswali ya kompyuta? Akajibu ndiyo, akaenda zake kula.

Utafiti ule ulianzishwa na baba yake. Mzee alikuwa amestaafu, ila taasisi ilimwachia sura ya mwisho ya ripoti aiandikie nyumbani, polepole. Watu wa zamani walimwita Mzee Desimali, maana mtu akikadiria namba mbele yake, hununa mpaka jioni. Kompyuta yake ilikuwa nene kama sanduku, na ndani yake mlikuwa na toleo la kale la programu ileile, ambalo alikataa katakata kulibadilisha. Kwa hiyo kila Jumamosi binti yake alimpelekea faili kwenye flashi. Walilifungua pamoja, wakabishana juu ya namba mpaka chai ikapoa, wakapasha nyingine.

Jumamosi hiyo faili likagoma. Kioo kiliandika kwamba limehifadhiwa na toleo jipya zaidi na haliwezi kufunguliwa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Baba, ni mimi," binti akasema. "Nimelihifadhi kwa toleo jipya bila kufikiri."

"Usijilaumu, mwanangu. Jipya linasoma la zamani, la zamani halisomi jipya. Ndivyo ilivyo tangu toleo la kwanza."

Hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Historia ya matoleo yote, nini kiliongezwa na nini kikaondolewa, aliisoma kama wenzake wasomavyo matokeo ya mpira. Lakini safari hii hakuendelea kuhadithia. Akaizima kompyuta taratibu.

"Labda wakati wangu umefika," akasema. "Programu imesema kile mlichoona haya kukisema."

"Hakuna aliyesema hivyo, baba!"

Ila lilikwisha kusemwa. Binti alirudi kwake na aibu tele, akijua kwamba sura ile ndiyo kazi pekee iliyobaki mikononi mwa mzee, na yeye ndiye aliyempokonya kwa kidole kimoja.

Jumatatu akaanza kutafuta njia. Toleo jipya liliweza kurudisha faili nyuma matoleo machache tu, na la mzee lilikuwa mbali zaidi huko chini. Alizunguka jengo zima kuomba kompyuta yenye toleo la katikati, akaipata kwa mtunza maktaba, mwanamke aliyekuwa akibonyeza "nikumbushe kesho" kwa miaka kila alipoletewa toleo jipya. Faili likashushwa hapo kwanza, kisha likashushwa tena, kama mtu ateremkaye ngazi. Bibi Asilimia akashusha pumzi.

Jumamosi lilifunguka. Mzee alitabasamu, akasogeza kiti, akaanza kupekua. Mara akakunja uso.

"Hapa pana mtoto aliyezaliwa na kilo hamsini na nane."

"Haiwezekani!"

"Ndiyo huyu hapa. Mama yake alimpeleka kliniki kwa winchi?"

Wakacheka mpaka mzee akashika mbavu. Toleo la kale halikubali jina refu. Lilikuwa limeyakata majina yote mapya ya binti, na uzito wa mama na uzito wa mtoto vikabaki na jina moja, mpaka programu ikabuni la kwake ili kuvitenganisha. Nani mama, nani mtoto, haikujulikana tena bila kukagua.

"Baba, nisikilize," binti akasema akifuta machozi ya kicheko. "Acha nikuwekee toleo jipya. Leseni yetu inaruhusu. Faili nitakuwa nakutumia kwa barua pepe, wala hutanisubiri tena."

Mzee akarudi kupekua faili.

"Lile la mwaka jana ulilikataa," binti akaendelea. "Ulisema menyu zake zinakuchanganya."

"Menyu!" Mzee akaguna. "Pale ofisini nani hakufundishwa na mimi? Menyu zinichanganye mimi?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama kibodi, "Faili likija lenyewe, wewe utakuja kufanya nini?"

Bibi Asilimia alitafuta kichwani Jumamosi hata moja aliyokuja bila flashi. Yeye, bingwa wa hesabu, hakuipata. Ilimuuma, tena ilimuuma sana.

"Haya, weka," mzee akasema mwishowe. "Sura lazima iishe."

Akaliweka. Ijumaa iliyofuata akatuma faili kwa barua pepe, na Jumamosi akabisha hodi. Mzee alifungua mlango, macho yakaenda moja kwa moja kwenye mikono yake.

"Flashi iko wapi?"

"Faili si nilikutumia jana?"

"Nimelipata. Watoto wote wana uzito wa watoto." Akamtazama. "Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna, baba. Nimekuja kukuona."

Mzee akabaki ameshika kitasa.

"Sijabandika chai," akasema. "Sikujua kama utakuja."