Majani Kutoka Chini ya Maji

Evelio Pinzón alikuwa amepiga magoti jikoni, anapaka mafuta mazito kwenye ukingo wa tangi la kioo ili sisimizi wasipande wakatoka, mkewe Otilia aliposema arepa, vile vikate vya mahindi, zinapoa. Evelio akajibu anakuja, na hakwenda. Ukingo wa tangi una pembe nne, na sisimizi anahitaji pembe moja tu kavu.

Lilikuwa tangi la samaki, limeachwa na jirani aliyehama. Evelio alilitoboa ubavuni, akachomeka kipande cha mpira wa maji, akaliunganisha na masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko. Tangini aliweka majani. Sanduku la kwanza alilimwagia plasta chini ili lishike unyevu, na humo alikaa malkia na bustani yake ya kuvu, maana sisimizi hawa hawali majani. Huyakata, huyatafuna na kulishia kuvu, kisha hula kuvu. Sanduku la pili lilikuwa la taka. Kazi yote ilimchukua miezi mitatu, na hakuna aliyemharakisha. Baada ya bwawa kujaa na kijiji chao cha La Tinaja kuzama, Evelio alibaki na miaka sitini na saba, nyumba ya saruji namba kumi na saba katika mtaa wa waliohamishwa, na mikono isiyo na shamba.

Malkia mwenyewe alimwokota ukingoni mwa bwawa, asubuhi ya jua baada ya mvua kubwa za Aprili, wakati malkia wenye mabawa wanapotoka ardhini na mkoa mzima wa Santander unatoka na ndoo. Huko wanawakaanga kwa chumvi, kama watu wa kwingine wanavyokaanga kumbikumbi. Evelio alijaza ndoo kama wenzake, ila mmoja alimtia kwenye chupa.

Misael, jirani wa namba kumi na nane, alikuja kuangalia tangi, mikono mfukoni.

"Wenzako wanawatafuna, wewe unawajengea ghorofa. Na choo umewawekea?"

"Nimewawekea. Kile pale."

Misael akakiinamia kile choo, akakitazama kwa muda. "Kizuri kuliko changu," akasema, akaenda zake.

Mwaka wa pili sisimizi walikuwa wamefika elfu kadhaa. Jumanne moja ya Juni, Evelio alikuta majani ya waridi aliyoyaweka tangini hayajaguswa. Alifunua sanduku la malkia. Kwenye plasta palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya dengu, na ndani yake sisimizi walikuwa wanatoka kwa mstari, kila mmoja amebeba kipande cha jani kibichi chenye maji. Evelio aliinua sanduku. Chini halikuwa na tundu. Meza haikuwa na tundu. Chini ya meza alilala paka.

Alichukua kipande kimoja, akampelekea Otilia. Otilia alikifikicha kati ya vidole, akanusa.

"Mpera," akasema. "Una moshi."

"Nami nimenusa hivyo."

"Ni mpera wetu, mzee. Wa nyuma ya jiko."

Bomba la moshi la jiko lao kule La Tinaja lilikuwa limeupumulia mpera huo kwa miaka arobaini. Sasa ulikuwa mita thelathini chini ya maji, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapo. Otilia alikiweka kile kipande kwenye kisahani, akarudi kuosha vyombo. Ila aliosha kikombe kimoja mara tatu.

Chini ya mpera ule alilala binti yao, Luz Dary, aliyeishi siku tisa. Alifariki kabla ya kubatizwa, na padri wa enzi zile hakumkubali makaburini, kwa hiyo Evelio alimchimbia nyuma ya jiko, na Otilia akamvika gauni jeupe la pamba alilomshonea mwenyewe. Kampuni ya bwawa ilipokuja, iliyahamisha makaburi yote ya kanisa, kwa heshima na kwa magari mapya. Kwa watu wa mashambani walituma mtu wa kuandika mali zao. Siku aliyofika kwao walikuwa wamekwenda sokoni. Aliandika: ardhi tupu, hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna kaburi. Walilalamika mara kumi na moja. Rejista ilikuwa imeshafungwa.

Habari za majani zilienea mtaani bila kelele. Doña Bertilda, kama walivyomwita kwa heshima, mjane wa namba nne, alikuja na kiti chake, akakaa mbele ya sanduku tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka sisimizi wakatoa jani la mchungwa.

"Huu wangu," akasema. "Ule mchachu. Marehemu mume wangu aliapa ataukata, na angalia, umemshinda mwenyewe." Akalifunga kwenye leso, akashukuru. Wengine wakafuata: huyu kapata kahawa, yule muhogo. Misael alipata majani ya upupu tu.

"Hata chini ya maji shamba lako halijapaliliwa," Bertilda akamwambia.

Alhamisi Evelio na Otilia walikwenda kwenye ukumbi wa mtaa, ambako kijana wa kampuni, Yesid Camargo, huwasikiliza wananchi kila wiki. Alikuwa mpole, ana kofia ngumu ya kazi mezani. Evelio akaweka kisahani mbele yake.

"Jani la mpera wetu. Limetoka leo."

Yesid alilitazama. "Limetoka kwa njia gani, don Evelio?"

"Sisimizi."

Yesid akaandika: jani moja la mpera, bichi, limetolewa na sisimizi. Akauliza sisimizi ni wangapi. Evelio akasema elfu nne hivi. Akaandika na hilo.

"Kwa hiyo mti ulikuwepo," Otilia akasema. "Na kama mti ulikuwepo, mwanangu yuko chini yake. Mkamtoe, kijana wangu. Wazamiaji mnao, tunawaona wanavyokagua ukuta wa bwawa."

"Doña Otilia, mimi nakuamini. Tatizo si mimi."

"Ni nani?"

Yesid alifikiri kwa dhati. Alitazama hata mlangoni. "Sijui," akasema, akagonga muhuri.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Kampuni ilishukuru kwa sampuli. Maabara ilithibitisha kuwa jani ni bichi na lina afya, jambo linaloonyesha kwamba bwawa halijadhuru mimea. Kuhusu kaburi, rejista inabaki kama ilivyo. Aidha, kila kilichoko chini ya maji kiko ndani ya eneo la kampuni, na wananchi wanaombwa kuwazuia sisimizi wao.

Evelio aliisoma barua mara mbili. Akasukuma plasta mpya kwenye tundu kwa kidole gumba, kama mtu mtiifu, naye akachukia kidole chake siku nzima. Asubuhi tundu lilikuwa wazi, na mstari ulikuwa mrefu zaidi.

Safari hii hawakubeba majani. Walibeba vipande vyeupe, vidogo kuliko kucha, vimekatwa kwa duara safi. Otilia alivaa miwani. Alitoa kimoja kwa kibano, akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa na mshono mwembamba wa uzi wa manjano, na alikumbuka kwamba alipokuwa analishona gauni uzi mweupe ulikuwa umemwishia.

"Lile gauni," akasema.

"Basi huu ndio ushahidi," Evelio akasema. "Hili hawawezi kulikataa. Nakwenda kwa Yesid sasa hivi."

"Kaa."

"Otilia, huu ni ushahidi!"

"Wanamvua nguo mtoto, Evelio! Maji yale ni baridi. Wanamvua nguo!"

Evelio alikaa. Otilia aliinamia sanduku, akaongea na sisimizi kwa sauti ya chini, bila ukali, kama mtu anayeongea na watoto wa jirani. Akawaomba wamrudishie mtoto gauni lake. Sisimizi waliendelea. Kwa siku nne walipandisha gauni zima, pamoja na utepe, wakalitafuna, wakalipanda kwenye bustani, na kuvu likanawiri. Kipande kimoja alichobaki nacho Otilia, Evelio alikipeleka ukumbini. Kijana mwingine ndiye aliyekuwepo. Yesid alikuwa amehamishwa. Yule mpya aliandika: kitambaa, na akagonga muhuri.

Siku ya tano mstari ulisimama. Sisimizi walikaa wamezunguka tundu, wanapapasa hewa kwa vipapasio vyao.

Otilia alifungua kabati. Alitoa flaneli nene nyekundu, akapima kwa mkono urefu wa mtoto wa siku tisa, akakata, akakaa dirishani kushona. Alishona siku mbili. Mshono ulinyooka. Alipomaliza alikunja gauni kifuani, akalitia kwenye tangi, juu ya majani ya waridi.

Sisimizi walilizunguka kidogo, kisha wakaanza kukata. Mmoja mmoja walipita kwenye mpira, kipande chekundu juu ya kichwa, wakaingia sanduku la malkia. Hawakwenda kwenye kuvu. Waliteremka tunduni.

Evelio alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Lakini wamelikatakata," akasema. "Litamfikiaje?"

"Vipande vipande."

"Na huko nani atamshonea?"

Otilia alihesabu vipande hadi mkono wa kushoto wa gauni ukaisha. Kisha akachomeka uzi kwenye sindano, akaufunga fundo mwishoni, akaiweka sindano kwenye tangi karibu na sisimizi, ili waiteremshe tunduni wakati wowote watakapoweza kuibeba.