Umande Juu ya Pamba

Ko, ko, ko.

Niliusikia mlio huo nikiwa bado barazani, hata viatu sijavua. Nikasimama hapo hapo. Tangu Mzee Januarius apofuke, kifundo cha kidole chake juu ya meza ndiyo kalamu yake. Akigonga mara moja, sentensi imepita. Mara mbili, rudia. Mara tatu, futa.

Ndani kulikuwa na sauti ya kike ikisoma. Harieth, binti yake, alikuwa amefika jana kutoka Maswa. Ndiye wa kuupeleka muswada Mwanza kwa basi la saa nane, na wachapishaji walikuwa wanamngoja.

"'Alfajiri aliingia shambani,'" alisoma Harieth, "'umande ukiwa bado umelala juu ya pamba, na vidole vyake vikarudi vimelowa, vikinukia asubuhi.'"

Ko, ko, ko.

"Baba, hii ni mara ya nne. Nifute nini?"

"Sijui, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Sentensi ile haikuwa ya Mzee. Na mimi, Luhende, niliyejifunza vina na mizani peke yangu kwenye vipande vya magazeti ya kufungia vitumbua, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu anikopeshe hata mshororo mmoja, haikuwa yangu pia.

Mzee alifundisha falsafa chuo kikuu miaka ishirini na sita, kisha akarudi kwao hapa Bariadi kuandika kitabu kimoja tu: nini hasa mtu hupitia anapoishi, na kwa nini akili mnemba, hata iwe hodari vipi, haitafika hapo. Yeye alisema, mimi nikachapa. Sura sita zilikwenda vizuri. Ya saba ilimhusu marehemu mke wake, Elizabeth. Siku aliyoianza nilimrekodi kwa simu, akasema kidogo, akanyamaza muda mrefu. Usiku huo presha ikapanda, akalazwa.

Nilikaa siku tatu na dakika sita za sauti, karibu zote kimya. Nikajaribu kuandika mwenyewe, kila neno likawa majivu. Siku ya nne niliiambia akili mnemba ya kwenye simu: niandikie mgane wa Kisukuma anayemkumbuka mkewe shambani. Kufumba na kufumbua, kurasa nne. Tamu! Nikarekebisha hapa na pale. Mzee aliporudi, nikamsomea.

"Nilisema yote haya?" aliuliza.

"Ulisema, Baba. Mimi nimepanga tu."

Akaomba nimsomee tena. Nikadhani amefurahi.

Sasa nikavua viatu, nikaingia.

"Mwangaluka, Baba."

"Mwangaluka. Kaa, Luhende."

"Mshairi huyo!" Harieth alisema akimimina chai. "Leo huna beti za kufungulia mlango?"

Mzee alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono yote miwili, kama meza inataka kuondoka.

"Harieth atakwenda Mwanza," alisema, "lakini na mimi, si na kitabu. Nikapimwe kichwa. Kitabu nimekiacha."

"Baba!" Harieth aliweka birika chini kwa kishindo. "Miaka mitano ya kazi!"

"Nisikilizeni. Mama yako hakuchuma pamba yenye umande hata siku moja. Nani atafanya hivyo? Ikilowa inageuka njano, kwenye chama cha ushirika wanakurudishia, wanakwambia hii ni fifi, daraja la chini. Mimi nilikuwa kijana wa mbio, nataka tumalize. Yeye alinikalisha mwisho wa tuta tungoje jua likaushe. Saa nzima, siku nyingine mbili, hatuna la kufanya ila kuzungumza. Ni kwenye kungoja kule ndiko nilikomjua. Sasa kinywa changu mwenyewe kimesema aliingia na umande. Maana yake kungoja kule kumefutika. Siku tano sijalala, namtafuta, kila nikimwona ana vidole vilivyolowa. Amekufa mara ya pili, na safari hii nimemuua mimi. Mtu wa namna hiyo atawaandikia watu kuhusu yale anayoyapitia mtu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Sikuwa nimemwibia sura tu. Nilikuwa nimemwibia akili yake, na yeye alikuwa anajishitaki mwenyewe kwa wizi wangu.

Lakini jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa pili. *Kimechapwa na Luhende.* Na baada yake shairi langu, beti sita, la kwanza maishani kuchapishwa. Nilikuwa nimeshampigia mama huko Shishiyu, naye alikuwa ameshaitangazia kwaya nzima. Kiburi kikasema kwa niaba yangu.

"Labda nilikosea kuchapa, Baba."

"Kurasa nne?" Uso wake uligeukia nilipo. "Basi tuisikilize sauti. Iweke."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Rekodi haikuwa na nakala nyingine popote. Harieth alikuwa amenipa mgongo, akitafuta sukari kabatini. Mzee hakuona. Niligusa faili, vikatokea vialama viwili: cheza, futa. Ningesema tu imepotea, simu hizi zinajulikana. Dole gumba langu lilikwenda juu ya kile cha kufuta, likakaa. Kijiko kiligonga kikombe. Mzee alikuwa anangoja, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nikabonyeza cheza.

Pumzi. Jogoo wa jirani. Pumzi tena. Kisha sauti yake: "Elizabeth..." Kimya kirefu, kiti kikilia. "Tulikuwa tunangoja." Kimya. Pikipiki ikapita barabarani, ikaishia. "Alikuwa anachora kwenye udongo kwa kijiti. Sikuwahi kumuuliza anachora nini." Halafu kimya mpaka mwisho.

Hakuna umande. Dakika sita nzima, Harieth hakurudi kwenye chai yake.

"Kumbe nipo," Mzee alisema taratibu.

"Kurasa zile niliiambia mashine iandike," nilisema. "Nikakudanganya ni zako."

"Mshairi wa mashine!" Harieth alinigeukia, sukari ikimwagika. "Baba yangu anajiona amerukwa na akili, wewe unakula ugali hapa kila mchana! Na vina vyako navyo ni vya simu?"

"Vina vyangu ni vyangu, dada!" Nilisimama. Hata katika aibu ile damu ilichemka. "Hilo usiniguse!"

"Kaa chini," Mzee alisema. Nikakaa. "Mama yako, Kwandu, analima pamba?"

"Analima."

"Ulipochuma na umande alikufanya nini?"

"Alinichapa kwa ufito wa mpamba. Akamwaga kikapu chote kwenye turubai, nikashinda nageuza mpaka ikauke."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Sentensi ilikuwa tamu tu, Baba."

Alitikisa kichwa. "Mashine haijachapwa. Hiyo siigombezi. Tena kesho wataifundisha habari za umande, haitakosea tena, na wajinga watasema Januarius ameshindwa. Lakini imeniondolea mke wangu siku tano na haikukosa usingizi hata usiku mmoja. Wewe unatetemeka. Nasikia kiti."

Kweli kiti kilikuwa kinalia. Nilijaribu kukituliza, kikakataa.

"Litoe jina langu," nilisema.

"Hapana. Ukilitoa, utakuwa umejificha vizuri. Litabaki, na chini yake utaeleza ulichofanya. Harieth, utawaambia Mwanza kitabu kimechelewa wiki moja."

"Na shairi lake?" Harieth aliuliza kwa ukali.

"Shairi ni zuri. Ni lake, nalijua, lina mizani mibovu kwenye ubeti wa nne."

Harieth alicheka bila kutaka, akafuta sukari mezani kwa kiganja. Mimi sikucheka. Nilimwona akilini mama akisimama mbele ya kwaya na kitabu kile, akimpa mtu amsomee.

Mzee alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Mashine nayo inaweza kutamka ahadi. Wewe utamke, halafu kesho uamke nayo. Sema, nakusikia."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa mkavu, una sugu za jembe ambazo chuo hakikuzifuta.

"Baba Januarius, naahidi, na Harieth anasikia: dakika zile sita nitaziandika kama zilivyo, pamoja na kimya chote, na sitajaza hata pengo moja. Nitaandika kwamba umande niliuweka mimi, Luhende wa Kwandu. Na Jumapili nitakwenda Shishiyu, nimsomee mama ukurasa huo kwa mdomo wangu, kabla hajasomewa na mtu mwingine."