Doria na Bakora ya Mzee Nassor

Mzee Nassor alisimama mbali na mlango wetu. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa na nyayo za mbwa, na ute umeilowesha kifuani.

"Wallahi, Kafedha, mbwa wenu akinitia najisi tena, mutahama. Ijumaa ya pili hino naikosa swala kwa ajili yake!"

Akarudi kwake kujitwahirisha kwa maji na udongo. Nikabaki na Doria, anatikisa mkia kama aliyempokea mgeni vizuri.

Shamba hili la Mishomoroni ni la Mzee Nassor; sisi twalima kwa hisani yake. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekausha maduka, unga wa njano wa serikali hautoshi, na muhogo ndio chakula chetu. Bila Doria, nguruwe mwitu wangeumaliza. Mbwa hafukuziki, ardhi haihamiki. Hapakukalika, hapakulalika.

Mume wangu Mramba alimchapa, bure. Nikamfunga, akakata kamba. Nilipochoka kumfokea ndipo nikaanza kumtazama, nikaona. Mzee Nassor akimwona tu huinua bakora na kupiga kelele, "Toka! Toka!" Na Mramba alimfundisha kuvamia nguruwe vivyo hivyo, fimbo juu na "Toka!" kibao. Mnyama alidhani anaitwa kazini!

Nilimwomba Mzee ashushe bakora na anyamaze. Akaniuliza tangu lini mbwa akamfunza yeye adabu.

Basi nikamwendea mkewe.

"Shikamoo, mama Salme. Niazime kanzu ya Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Twaa hii kuukuu, wala usimwambie."

Nikaivaa, mwanamke mzima, nikapita mbele ya nyumba yangu nikipunga fimbo na kufoka. Jirani yangu Florence alicheka hadi akakaa chini. Acheke, si yeye wa kuhama. Doria akinirukia, nampa mgongo, kimya kama nguzo. Akikaa kitako, nampa kipande cha muhogo wa kuchemsha. Asubuhi kanzu, jioni kanzu, mpaka nikawa naota natukana kwa sauti ya Mzee Nassor.

Ijumaa ikafika. Mzee akatokea, akamwona Doria, bakora juu. "Toka!"

Doria akakaa.

Mzee akaduwaa, bakora hewani, hajui aifanyie nini. Kisha akaishusha, akapita zake, kanzu nyeupe pe. "Alhamdulillahi," nikamsikia akisema. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Magharibi ile ile nguruwe wakaingia shambani. Mramba ndiyo kwanza amerudi kutoka kibarua cha bandarini. Akanyakua fimbo, akakimbia. "Toka, Doria! Toka!"

Doria alikimbia naye hadi ukingoni mwa muhogo, akakaa kitako. Mkia ulifagia vumbi, macho yote kwangu. Nyuma yake mashina yaling'olewa moja baada ya jingine, na nguruwe walitafuna bila haraka. Mramba akazidisha kelele, akatupa mawe, akarudi akihema.

"Umemfanya nini mbwa huyu, Kafedha?"

Machozi yalinitoka. Nikafungua pindo la leso yangu, nikatoa kipande cha muhogo, nikampa Doria, maana alikuwa amefanya vile vile nilivyomfundisha.