Mstari Uliozidi

Kambi nzima ya reli pale Kamina ilijua kwamba Clémentine Umba ana mdomo. Padri akihubiri, Clémentine alitoka kanisani akieleza ni wapi mahubiri yalipotea njia na ni wapi waumini walianza kukohoa. Fundi akimshonea gauni, alionyeshwa bega lililokaa vibaya hata kabla gauni halijavaliwa. Mama yake alikuwa akimwomba Mungu amjalie binti huyu mume kiziwi.

Lakini mpe karatasi na kalamu uone maajabu. Mdomo wote ule aliufyata. Mwaka huo wa 1954 alikuwa anamaliza shule ya ualimu ya watawa, na mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa wa kuhakiki shairi la Kifaransa. Asipofaulu, hapati cheti. Asipopata cheti, hapati darasa. Na Clémentine alilitaka darasa kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa amekwisha kuchagua hata mahali pa kusimama, karibu na dirisha, awaone vizuri wasichana wa nyuma wanaopenda kusinzia.

Kwenye jaribio la kwanza, masera Augustine, mtawa aliyewafundisha, aliwapa shairi akawataka waseme wanalionaje. Clémentine alijaza ukurasa mzima. Mshairi huyu ni simba, aliandika. Ni mwana wa watu wakubwa, nani wa kulingana naye, aishi miaka mingi, aliyemzaa na apewe heshima. Karatasi ilirudi na sifuri, na chini yake maneno ya wino mwekundu: "Umemsifu mshairi. Shairi lenyewe liko wapi?"

Tusimcheke sana. Hakuwa mjinga, alifuata adabu ya kwao. Kwa Waluba, mtu akiimba kasala msibani, akiita majina ya sifa ya marehemu na ya ukoo wake wote, wewe msikilizaji huna ruhusa ya kumkosoa. Unamsifu, unamtunza, unanyamaza. Clémentine alisoma shairi la Mzungu akaona kama mtunzi mwenyewe amesimama pale mbele yake, na mkono ukaandika sifa.

Wiki chache kabla ya mtihani, Mzee Banza, dereva wa treni aliyeheshimiwa kambini, alifariki. Mwimbaji wa kasala akaletwa kutoka Malemba-Nkulu, mama mwenye sauti nene na madaha mengi. Aliimba mpaka jua likasimama utosini. Watu walimsifu, wakamtunza, wakamsindikiza kwa heshima zote. Alipokwisha kuondoka, wanawake wakakaa nyuma ya nyumba kuosha masufuria ya bukari, ugali wa kwao, na hapo ndipo hukumu huanza. Hiyo nayo ni desturi, ingawa hakuna anayeitangaza.

"Aliimba muzuri sana," alisema Marthe, rafiki yake Clémentine aliyesoma naye, akijua fika anamchokoza.

"Muzuri fasi gani?" Clémentine akaruka. "Sikia. Pale mwanzo aliita baba ya Banza, akaita nkambo, baba ya baba yake, kisha akanyamaza kiloko tu. Njo pale moyo ilinikatika, ju ile kunyamaza ilikuwa fasi ya Banza mwenyewe. Ilikuwa muzuri! Kisha yeye anaanza kulalamika: lieni, bantu, lieni! Nani anaambiaka muntu alie? Minyi nilikuwa nalia. Aliponiambia nilie, machozi ilikauka."

Wanawake walicheka mpaka sufuria moja ikaanguka. Marthe peke yake hakucheka. Alimkazia macho.

"Clémentine, weye uko mupumbafu," alisema. "Njo ile masera anaombaka. Fasi gani shairi ilikukamata, ilikukamata na nini, na fasi gani ilikuachilia. Andika vile vile unasema hapa."

"Mbele ya mwenye shairi?"

"Mwenye shairi iko wapi? Iko Ulaya! Fanya kama anashaenda, na weye unaosha sufuria."

Siku ya mtihani waligawiwa shairi lisilo na jina la mtunzi. Lilimhusu mama aliyeweka mezani, kila jioni, kiti cha mwanawe aliyekwenda vitani. Clémentine alilisoma mara ya kwanza akasikia sifa zikimpanda mkononi. Akaweka kalamu chini. Akalisoma tena polepole, akijiona amekunja kitenge, maji ya masizi yamemfika kwenye viwiko. Ndipo akaanza kuandika.

Aliandika kwamba ubeti wa kwanza unasema "kiti cha mwanangu", wa pili pia "kiti cha mwanangu", lakini wa tatu unasema "kiti" tu. Hakuna aliyetuambia kijana amekufa, aliandika. Mshairi amemwondoa kimyakimya ndani ya mstari, na sisi tunaona pengo kabla mama hajakubali kuliona. Hapo shairi linamkamata msomaji kooni. Kisha linamwachilia, kwa sababu mstari wa mwisho unalia: "Ah, jinsi moyo wa mama unavyoumia!" Mstari huu umezidi, aliandika. Ukatwe.

Juma lililofuata aliitwa mbele ya padri mkaguzi aliyetoka Élisabethville. Masera Augustine alikaa pembeni, uso umemparama.

"Unajua nani ametunga shairi hili?" padri aliuliza kwa Kifaransa.

"Hapana, baba."

"Mimi."

Mwenye shairi hakuwa Ulaya, alikuwa hapo mezani, na karatasi yenye neno "ukatwe" ilikuwa chini ya kiganja chake. Masera Augustine alimkonyeza: omba radhi, mwanangu. Njia ilikuwa wazi. Maneno ya sifa yalimjaa kinywani, matamu, tayari kabisa, na adabu yote aliyolelewa nayo ilimsukuma ayatoe. Aliogopa, aliogopa sana. Lakini akiyatoa, kesho atasimama mbele ya wasichana na kuwafundisha nini? Kusema uongo kwa heshima?

Kifaransa kikamkimbia. Akasema kwa lugha ya kambini, ambayo padri aliijua vizuri.

"Mupe, baba, unisamehe, lakini minyi nasema kweli. Ile kiti ya mwisho iliniliza. Kisha weye unakuja kuniambia moyo ya mama inauma. Nilishajua! Kiti yako njo ilinijulisha. Ju ya nini haukuamini kiti yako?"

Padri aliiangalia karatasi, masikio yamemwiva. Kisha akaomba penseli, akapiga mstari mmoja mnene juu ya ule mstari wa mwisho wa shairi lake, akasimama na kulisoma shairi lote kwa sauti. Alipofika kwenye kile "kiti" cha mwisho alikoma. Masera Augustine alitafuta leso katika mkono wa kanzu yake, hakuiona, akajifuta kwa kiganja.

"Nimewasomea watu wengi shairi hili," padri alisema taratibu. "Wote walinisifu. Nilijua kuna kitu kinakwama, sikujua wapi." Akaandika alama kwenye karatasi, akamsogezea masera, naye akaisoma akasahau utawa wake.

"Wa kwanza!" alisema. "Clémentine, umekuwa wa kwanza!"

Clémentine aliaga kwa adabu, akafunga mlango taratibu nyuma yake. Katika ukumbi ule ambamo hata kukimbia kulikatazwa, akajishika kiuno, akainua kidevu, akajipigia vigelegele mwenyewe, kwa sauti iliyotoa vichwa madirishani mpaka ng'ambo ya reli. Mlango ukafunguka. Masera Augustine akachungulia.

"Mwalimu Umba," alisema, "punguza sauti."

Mwalimu! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Clémentine akavuta pumzi, akazidisha.